Daftari la Rivasi la Arlys Kvamme

Theluji ikifika madirishani, wanawake wengine wa Minnesota hushona mablanketi ya viraka. Arlys Kvamme alikuwa akidharau watu. Kazi hiyo aliifanyia mezani jikoni, kahawa yake nyepesi kando, mbele yake faili la buluu lililoandikwa TORVIK, na kila Februari alilifungua kwa raha ya mtu aliyeletewa maandazi ya moto.

Torvik ni mji mdogo wa wavuvi kando ya ziwa, mwendo wa saa nne kaskazini mwa kwao. Una barabara moja, duka la chambo, kibanda cha kukaushia samaki kwa moshi, na pale mlangoni sanamu ya samaki mkubwa kuliko basi la shule, ambaye midomo yake hupakwa rangi upya kila mwaka. Ruhusa ya kuvua wolai, yule samaki wa macho ya kioo, hutolewa kuanzia Jumamosi moja ya mwezi Mei, na aliyeipanga tarehe hiyo hakuwa mwanamke, maana mara nyingi huangukia mkesha wa Sikukuu ya Akina Mama. Arlys alikuwa ameiadhimisha sikukuu hiyo miaka kumi na tisa mfululizo akiwa amesimama ndani ya trela lao, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na pikapu, akikaanga samaki wa watu. Hakulalamika. Aliwadharau tu wanawake waliopelekwa hotelini kula mayai.

Kabla ya kustaafu alikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini na minane. Aliwapakulia viazi watoto wa watu, kisha watoto wa watoto hao, na kwa muda wote huo akajifunza jambo moja: kwamba wanadamu wengi hawawezi kubeba sinia kutoka dirishani hadi mezani bila kumwaga. Imani hiyo aliondoka nayo shuleni kama wengine wanavyoondoka na zawadi ya saa ya ukutani.

Ndani ya faili mlikuwa na orodha ya chakula, na orodha ya kazi za trela: kusuuza mabomba itoke ile dawa ya rangi ya waridi inayozuia maji yasigande, kupima upepo wa magurudumu, kufukuza panya waliojikodishia godoro. Chini ya orodha hizo kulikuwa na daftari dogo la jalada gumu, na hilo ndilo lililokuwa roho ya faili.

Kambini Torvik, Ijumaa ya kuwasili ni tamasha. Waliotangulia hupanga viti vya kukunja kando ya njia, kila mmoja na kopo lake la bia, wakingoja wanaochelewa waingize trela zao kwa rivasi, kinyumenyume. Kazi hiyo humvua mtu nguo hadharani. Ukikata usukani kulia, trela linakwenda kushoto; ukihamaki, trela na pikapu vinakunjana kama kisu cha mfukoni; na nyuma pale amesimama mkeo, anapunga mikono, anakuita kwa jina lako lote hadi la ukoo. Zamani watazamaji walinyamaza tu, maana watu wa huko ni wapole usoni. Arlys ndiye aliyeanzisha alama. Alinyoosha vidole, kimoja hadi kumi, kisha akaandika daftarini jina, mwaka, alama na neno la hukumu. Rausch, Wendell: mbili, ng'ombe. Daktari wa meno kutoka mjini: moja, alilia.

Jina la Kvamme halikuwamo. Mumewe, Delmar, alikuwa ameendesha lori la maziwa miaka thelathini na mitano, akiingia rivasi kwenye vijia vya mashamba vyenye upana wa mbuzi wawili, gizani, barafu chini. Torvik, kila mwaka, aliingia kwa jaribio moja tu, na watu wakapiga makofi. Arlys alisimama nyuma yake akipunga mikono na kuporomosha maneno, kisha akayapokea makofi hayo kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na usukani.

Kiwanja chao kilikuwa namba tisa, cha safu ya majini, katikati ya misonobari miwili, mahali ambapo ukiamka unaona ziwa kabla hujaona mume. Mwenye kambi, Gordy Sletten, alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mwenye kiwanja hubaki nacho mradi kadi yake ifike kabla ya tarehe kumi na tano Aprili. Akikiacha mwaka mmoja, anakwenda mwisho wa orodha, na orodha ya safu ya majini ilikuwa ndefu kuliko maisha ya waliomo. Ya pili, kila mtu aingize trela lake kwa mikono ya nyumba yake. Asiyeweza apewe kiwanja cha kupita moja kwa moja, kule nyuma karibu na shimo la kumwagia maji machafu, ambako mtu huingia huku na kutokea kule bila kujua rivasi ni nini. Arlys aliuita Uwanja wa Wavivu.

Sheria hiyo ya pili ilikuwa yake. Mwaka ambao Wendell Rausch alimwomba shemeji yake amwingizie trela, Arlys alimganda Gordy siku tatu, asubuhi na jioni, mpaka maskini akaichapa na kuibandika mlangoni mwa ofisi ili apumzike.

Sasa ilikuwa Februari, na kadi ya Gordy ya kuchagua kiwanja ilikuwa imeletwa. Delmar aliingia nayo kutoka nje, akapangusa theluji mabegani, akaiweka mezani.

"Inasemaje?" akauliza.

"Inasema inavyosema kila mwaka. Macho yako yako likizo?"

"Miwani nimeiacha juu."

"Basi panda ukaichukue. Ngazi hazijastaafu."

Hakupanda. Alijimiminia kahawa, nusu ikaingia kikombeni, nusu mezani, na Arlys akasonya, akapangusa. Wiki iliyopita mume huyohuyo aligonga kisanduku cha barua kwa lile jembe la kusukumia theluji linalofungwa mbele ya pikapu, akasema ni gari la kaunti. Arlys aliona alama za matairi ya pikapu lao, akajua ni uongo, akaona ni uvivu wa uzee. Mtu aliyezoea kutazama makosa ya wengine huwa ana jibu tayari kwa kila kosa, na jibu likishakuwa tayari nani atauliza tena?

Simu ikalia. Alikuwa Jolene Rausch, mke wa yule Wendell mwenye alama mbili.

"Shoga yangu, mnaendeleaje na baridi?" Jolene aliongea kwa sauti ya sukari. "Nauliza tu, sina neno. Mwaka huu mnarudi namba tisa?"

"Kwa nini tusirudi?"

"Aa, hapana. Gordy alinidokeza kwamba sisi ndio wa kwanza kwenye orodha. Nikasema mzee Delmar naye umri unakwenda, pengine mnataka kupumzika. Na sisi Wendell kanunua lile basi jipya la kulala, lina kamera pande zote. Linajiegesha lenyewe."

"Basi mwambie lenyewe likavue."

"Ha! Arlys na mdomo wako."

"Mdomo wangu mzima. Msalimie ng'ombe," akasema Arlys, akakata simu, akamwangalia Delmar. "Umesikia? Wanatuhesabia miaka. Mtu hawezi kuegesha toroli la sokoni, anataka misonobari yangu."

Delmar alikuwa akitazama dirishani. "Si lazima iwe namba tisa," akasema polepole. "Kule nyuma nako kuna kivuli."

"Kule nyuma kuna harufu," akasema Arlys. Kadi akaitia ndani ya faili bila kuiwekea alama, maana alikuwa na desturi yake: kadi haijazwi mpaka mazoezi yafanyike.

Mazoezi hayo yalikuwa ya kila Aprili, theluji ikishapungua, kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kanisa la Kilutheri. Hakuna familia nyingine iliyofanya mazoezi, na ndiyo sababu, kwa mujibu wa Arlys, familia nyingine zilikuwa vile zilivyo. Alipanga kreti nne za maziwa, mbili zikiwa misonobari, mbili zikiwa ukingo wa maji. Mwaka huu walichelewa, theluji ilikataa kuondoka. Walipofika uwanjani ilikuwa tarehe kumi, na upepo mkali ulikuwa unavuma kutoka mashamba matupu, ukipeperusha kila kinachosemwa.

Arlys alisimama nyuma ya trela, akainua mikono. Kulia kidogo. Kulia. Sasa nyoosha. Trela halikunyooka. "Delmar!" Trela likaja. Akanyoosha viganja viwili mbele, alama ya kusimama ambayo hata mbwa wa Torvik anaielewa, na trela likazidi kuja, likaikanyaga kreti ya kwanza, likaikanyaga ya ukingo wa maji, Arlys akaruka pembeni kama msichana, na safari ikaishia kwenye rundo la theluji chafu lililokuwa mwisho wa uwanja.

Alilizunguka pikapu akiwa na maneno mdomoni ya kutosha wiki. Akafungua mlango.

"Sasa hivi ungekuwa ziwani unasalimiana na wolai! Mikono hii umeona ni ya nini, ya kufukuza nzi?"

Delmar alizima injini. Hakumgeukia. "Upepo," akasema. "Sikukusikia."

"Hukunisikia! Nani kakwambia unisikie? Nitazame mikono."

"Mikono yako sijaiona tangu mwaka juzi, Arlys."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Arlys akabaki ameshika mlango.

"Mwaka jana uliingia mara moja. Watu wakapiga makofi."

"Niliingia kwa mdomo wako. Nafungua dirisha, nasikiliza. Ukisema 'mjinga wewe', nimekwenda kulia mno. Ukisema 'Mungu nipe subira', niko sawa, niendelee hivyohivyo. Ukinyamaza nimefika." Akafikiri kidogo. "Leo upepo umekunyamazisha mapema."

Delmar akamweleza yote, kwa kuwa alikwishaanza. Katikati ya macho kumeingia ukungu, pembeni bado anaona. Daktari alimwandikia barua tangu Januari: leseni yake inakwisha siku ya kuzaliwa kwake, tarehe ishirini na sita mwezi huu, na haitapatikana nyingine. Barua yenyewe iko kwenye sanduku la vifaa vya kuvulia, chini ya ndoano, mahali ambapo Arlys hajawahi kutia mkono.

"Januari," akasema Arlys. "Miezi mitatu unalala na mimi kitanda kimoja. Kwa nini hukuniambia?"

Ndipo Delmar alipogeuka. Alimtazama kwa namna aliyokuwa akimtazama siku za karibuni, macho yameelekea kwenye sikio la mkewe, namna ambayo Arlys alikuwa ameiita jeuri.

"Ungeninyooshea vidole vingapi?" akauliza.

Swali hilo lilimchoma. Mcheka kilema hafi bila kumfika, na Arlys alikuwa amecheka kwa maandishi, kwa tarehe na majina, miaka kumi na tisa. Alisimama pale upepo ukimpiga, akaiona akilini ile sheria ya Gordy imebandikwa mlangoni kwa maneno yake mwenyewe. Kwa mikono ya nyumba yake. Binti yao alikuwa Arizona. Nyumba ilikuwa na mikono minne tu, na miwili kati ya hiyo sasa haikuwa na macho. Aliuona Uwanja wa Wavivu, kiti chake cha kukunja kikitazama shimo la maji machafu. Aliliona basi la Jolene limejiegesha lenyewe kati ya misonobari, kamera zake zote zikipepesa. Akajidharau kwa mara ya kwanza maishani, na hakuipenda ladha yake.

"Telemka," akasema.

"Twende wapi?"

"Huendi popote. Nenda nyuma, kasimame nilipokuwa nimesimama."

"Arlys, wewe hujawahi."

"Nimetazama miaka kumi na tisa."

"Na samaki nao wamenitazama miaka kumi na tisa," akasema Delmar, "hakuna hata mmoja anayejua kuvua." Lakini akatelemka.

Jaribio la kwanza, trela lilielekea ukutani mwa kanisa. La pili likakunjana, chuma kikalia, Delmar akapiga kelele asimame. Alikuja dirishani akipapasa ubavu wa pikapu.

"Usishike usukani juu. Shika chini kabisa. Mkono ukienda kushoto, trela linakwenda kushoto. Basi, hakuna lingine."

"Miaka yote hiyo ndiyo siri yenyewe?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unapunga mikono."

La tatu lilikuwa baya kuliko la kwanza. Hapo ndipo wanawake wawili wa kanisa walipofika na mabakuli yao ya viazi na nyama ya kuoka, kwa ajili ya chakula cha msiba wa saa nane. Hawakuingia ndani. Walisimama kando ya mlango, mabakuli yamefunikwa vizuri, wakatabasamu kwa upole wa watu wa huko, na Arlys aliyajua yaliyo nyuma ya tabasamu lile herufi kwa herufi, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiyaandika daftarini. Shingo ikamwiva. Alitamani apite juu ya kreti, juu ya mabakuli, juu ya msiba wenyewe, aende zake nyumbani.

Nyuma, Delmar alikuwa amesimama amegeuzia uso mnara wa kengele. Alikuwa hatazami mnara. Alikuwa ameliweka trela kwenye pembe ya jicho, pale palipobaki pazima, na mikono yake mikubwa ya lori la maziwa ikapanda taratibu.

"Kushoto," akasema.

"Sikusikii! Sema kwa nguvu!"

"Kushoto!"

"Bado!"

"Mimi sijui kufoka, Arlys."

"Basi jifunze leo!"

Akavuta pumzi. "Kushoto, mjinga wewe!" Sauti ilimtoka kama ya mtu anayeomba radhi, na mmoja wa wale wanawake akaziba mdomo kwa kitambaa cha bakuli. Lakini ilisikika. Mkono wa Arlys chini ya usukani ukaenda kushoto. La nne, la tano, la sita. Jasho lilimtoka ndani ya koti la baridi. Jaribio la saba trela liliingia kati ya kreti, limekaa mshazari, limeikanyaga ile ya kulia, na gurudumu moja la nyuma limelala pale ambapo Torvik pangekuwa na maji ya kifundo. Delmar akanyamaza. Arlys akazima injini.

Mwanamke mmoja alipiga makofi mawili, akaona aibu, akaacha.

Nyumbani, Arlys alilifungua faili kabla hajavua koti, akaitoa kadi ya Gordy. Delmar alikaa upande wa pili wa meza, akasikia kofia ya kalamu ikitoka.

"Umechagua kiwanja gani?" akauliza.

"Namba tisa."

"Ijumaa watakuwepo wote na viti vyao. Jolene atakuwa mbele."

"Najua watakapokaa. Nimewapangia mwenyewe."

"Na safari yetu ya usiku, kwenye barabara kuu?"

"Tutaondoka asubuhi kama wazee. Nitakwenda maili hamsini kwa saa, na atakayenipigia honi nitamwandika." Akaifunga kadi, akabandika stempu, akaipiga kwa ngumi ishike. "Aprili yote iliyobaki tuko kanisani, kila jioni. Na wewe ufanye mazoezi ya mdomo. Leo ulitukana kama mchungaji."

Kisha akalitoa daftari. Delmar aliisikia sauti ya jalada, akainua kichwa. Arlys alifungua ukurasa mpya, kwa kuwa ule wa zamani umejaa majina ya watu, akaandika kwa mwandiko wake wa menyu za shule, herufi moja moja, huku akimsomea kwa sauti, maana sasa Delmar hawezi kusoma.

"Kvamme, Arlys. Kanisani, tarehe kumi Aprili. Mara saba. Kreti tatu zimekufa, mbili kaziua mumewe." Akasita. "Mbili."

"Mbili kreti?"

"Mbili alama. Kama Wendell."

Delmar alizungusha kikombe chake mezani mpaka kidole kikakuta mkono wa kikombe. Alikuwa mtu wa kweli, na maziwa ya watu hakuwahi kuyatia maji.

"Wendell aliingia mara ya tano," akasema. "Angekuwa mtu mwingine ungempa moja."

Arlys alilivuta daftari karibu. Kisha akaikata ile mbili kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika moja.